Maswali ya wasomaji: Herufi nene zenye zinalala

SWALI: Jambo mukubwa. Niko na ka-atelye ka kuchapa banderoli na jile za motari hapa Birere. Siku hizi kila kliya anaomba zile herufi nene zenye zinalala, za bila vikia kwenye ncha, anasema zina nguvu. Miye nabonyeza tu B na I kwenye ordinatere lakini O inatoka imepinda mubaya. Fonti njo mubaya ao ni miye?
Mchapaji, Goma

JIBU: Jambo ndugu yangu. Weye hauna kosa, shida iko kwa ile I. Kama fonti haina italiki (herufi ya kulala) nene yake yenye fundi alichora, programu inachukua herufi ya kusimama inaisukuma tu pembeni basi. Chapa O kubwa uangalie: juu kuume na chini kushoto imenenepa, juu kushoto na chini kuume imekonda. Fundi mwenyewe anachora upya kila mupindo mpaka jicho likubali, na wengine wanaenda mbali zaidi, angalia fonti Gill Sans ya Eric Gill, ya Uingereza, 1928, ile a ndogo kwenye italiki inabadilika umbo kabisa.

Kwa hiyo tafuta fonti yenye faili yake ya Bold Italic, njo kusema nene ya kulala. Miye napenda sana Lato, Łukasz Dziedzic wa Poland aliitoa 2010, ni ya bure hata kwa biashara, na iko na Black Italic kwa wenye kutaka unene zaidi.

Sasa matumizi. Hii herufi inapiga kelele na inakimbia, basi ipe maneno machache tu: jina la timu, bei, onyo. Barbara Kruger, msanii wa Marekani, alijulikana kwa fonti Futura nene ya kulala, nyeupe juu ya nyekundu, sentensi fupi fupi, na zinakushika kweli. Lakini aya nzima hapana, macho yanachoka haraka, na tangazo la matanga tafadhali usiweke kabisa, hata kliya akilazimisha mweleze kwa upole.

Kitu kimoja wachapaji wengi hawaangalii: kwenye gari, ubavu wa kuume herufi zinainama kule gari inaenda, safi kabisa, lakini ubavu wa kushoto zinainama kinyumenyume, inaonekana kama gari inavutwa nyuma! Ubavu ule weka herufi za kusimama tu.

Na jile, kama unachapa kwa serigrafi (ile ya kusukuma wino kupitia kadre ya wavu), wino unatawanyika kwenye kitambaa na matundu ya a na e yanajifunga, basi maandishi madogo tumia Bold, achana na Black, halafu achanisha herufi kidogo. Mbele ya kutengeneza kadre jaribu É na Ç, maana kliya wa hapa anaandika Kifaransa na Kiswahili kwa banderoli moja, na kuna fonti za bure zenye hazina hizo alama.