Kompyuta ya Gemu: Ninunue Iliyotumika au Niunganishe Mwenyewe?

SWALI: Mhariri, salamu. Nimeweka akiba ya shilingi 50,000 ili nipate kompyuta ya mezani ya kucheza gemu, hasa Valorant na GTA V. Skrini na kibodi ninazo. Duka moja hapa mjini linauza zile kompyuta nyembamba zilizotumika ofisini Uingereza, na bei zake zinanivutia. Binamu yangu aliye Nairobi ananisihi ninunue vipuri kimoja kimoja huko, kisha niviunganishe mwenyewe. Nifuate lipi? – Msomaji, Kondele, Kisumu.

JIBU: Ndugu msomaji, kwa kiasi hicho ningekushauri ununue kompyuta iliyotumika, ila si hiyo nyembamba. Tafuta yenye kasha kubwa la kusimama, kisha fedha itakayobaki uinunulie kadi ya grafiki, kwa kuwa kadi ndiyo inayobeba kazi nzito ya gemu.

Kasha jembamba linakufunga mikono. Haliingizi kadi ya kimo cha kawaida, na pawasaplai yake (kifaa kinachogawa umeme ndani ya kompyuta), ambayo mara nyingi ni ya wati 180 hadi 240, kwa kawaida haina waya wa ziada wa kulishia kadi umeme. Bila waya huo kadi hutegemea umeme wa nafasi yake kwenye bodi, usiozidi wati 75, na hapo unabakiwa na kadi ndogo kama GTX 1050 Ti au yale matoleo ya GTX 1650 yasiyohitaji waya. Valorant itachezeka vizuri kwa kadi hizo, na hata GTA V, lakini siku utakapotaka kupanda daraja utalazimika kununua kompyuta nyingine.

Hata kwa kasha kubwa, usilipe kabla muuzaji hajafungua ubavu ukatazama ndani. Hesabu pini za plagi kuu inayotoka kwenye pawasaplai kuingia kwenye bodi: ya kawaida ina pini 24. Ukikuta 6 au 8, kama ilivyo kwenye Dell OptiPlex nyingi, basi siku ukitaka pawasaplai yenye nguvu zaidi, ya dukani haitaingia bila waya wa kubadilishia.

Soma pia namba ya prosesa, yaani ubongo wa kompyuta. Windows 10 iliacha kupata masasisho ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, nayo Windows 11 inadai, kwa upande wa Intel, kizazi cha 8 au cha baadaye pamoja na kijenzi cha usalama cha TPM 2.0, ambacho Valorant nayo hukidai ikiwa juu ya Windows 11. Kwa hiyo Core i5-8500 (ile 8 ya baada ya kistari ndiyo kizazi) inafaa, ilhali i5-6500, ambayo bila shaka utauziwa kwa bei ya kuvutia zaidi, itakusumbua.

Binamu yako hajakosea kabisa. Kompyuta ya kuunganisha ina vipuri vya vipimo vya kawaida, na kila kimoja kinabadilishika peke yake. Kama unaweza kungoja akiba iongezeke, anza na prosesa ya Ryzen 5 5600G, ambayo ina grafiki ndani yake, na kadi uiongeze baadaye. Ila ununue vipande viwili vya kumbukumbu (RAM) vya GB 8 badala ya kimoja cha GB 16, kwa sababu grafiki hiyo hutumia kumbukumbu ileile ya kompyuta na hupata kasi zaidi ikisoma njia mbili kwa pamoja. Kwa shilingi 50,000, hata hivyo, utafika ukingoni kabla ya kuwaza kadi. Tena, ukiunganisha kwa mara ya kwanza na isiwake, utajuaje kama ni bodi au ni kumbukumbu, nawe huna nyingine ya kujaribia, na kila kipuri kina waranti ya duka lake, takriban kilomita 350 kutoka kwako?

Tenga pia fedha za UPS, kifaa chenye betri kinachoilinda kompyuta umeme ukikatika. Radi za ukanda wa ziwa pamoja na umeme unaokatika na kurudi ghafla huua pawasaplai, wakati mwingine pamoja na bodi.

Mwisho, mwombe muuzaji aiweke kadi unayoinunua na kuwasha gemu kwa nusu saa mbele yako. Kompyuta ikizimika, au picha ikianza kutoa mistari, iache hapohapo. Na muuzaji akikataa kuijaribu, nenda duka jingine.