Ukiambiwa "kubali tu mabadiliko", anza kwa kuuliza

Mkuu, pole kwa mtikisiko huo, na ahsante kwa kuuliza jambo ambalo wengi wetu hubaki nalo moyoni. Kwa wanaoingia sasa hivi: mleta mada anasema kazini kwao madaftari yanaondolewa na kila kitu kinahamia kwenye mfumo wa kompyuta, kitengo chake kinaunganishwa na kingine (stoo na manunuzi), na nyumbani nako mtoto wake wa mwisho anaondoka kwenda bweni. Anauliza mtu aliyezoea mambo yake kwa miaka mingi afanyeje ili ayapokee yote haya bila kuvunjika moyo, na kuwa tayari kubadili mawazo maana yake nini. Wachangiaji wengi waliotangulia wamemwambia akubali tu, dunia haimsubiri mtu.

Mimi sikubaliani nao. Kukubali kitu usichokijua ni kunyamaza tu. Mtu anaitikia kikaoni, akitoka nje ananung'unika, na moyoni anabaki na hofu ile ile aliyoingia nayo. Nimefanya kazi ya stoo tangu enzi za leja, yale madaftari makubwa ya hesabu, na kadi zilizoning'inizwa kwenye rafu. Nimepitia mabadiliko ya mifumo, ya mabosi na ya vituo vya kazi, na kilichonivusha kila mara ni udadisi. Nikisema udadisi simaanishi kupenda kila kilicho kipya. Namaanisha swali dogo ambalo jibu lake unaweza kulifuata kwa miguu yako na kulipata kabla ya siku kuisha.

Hofu huwa nzito kwa sababu tunayabeba mabadiliko yote kama furushi moja lililofungwa. "Mfumo mpya unakuja." Sawa, lakini unakuja kufanya nini? Nani ataingiza taarifa asubuhi? Stakabadhi za karatasi zitaendelea au zitakoma? Umeme ukikatika mzigo utatoka vipi? Nikikosea tarakimu, nitaweza kurekebisha mwenyewe au lazima mkubwa aidhinishe? Kila swali kati ya hayo lina mtu anayejua jibu lake, na mara nyingi mtu huyo yupo chumba cha pili.

Mwaka 1994 mtafiti wa Marekani, George Loewenstein, alieleza kwamba udadisi huzaliwa pale mtu anapoliona pengo kati ya anachokijua na anachotaka kukijua. Asiyejua lolote kuhusu jambo hana pengo la kuliona, kwa hiyo hana hata hamu ya kuuliza. Kwangu hili lina maana kubwa. Ukimwambia mtu aliye gizani "kuwa mdadisi" unamwonea. Kwanza apate kipande kidogo cha habari, maswali yatakuja yenyewe. Ndiyo maana mimi huwa siombi semina, naomba kuonyeshwa kitu kimoja: fomu moja, ukurasa mmoja, kazi moja ikifanywa mbele yangu tangu mwanzo hadi mwisho.

Nikupe mfano. Mfumo ulipokuja kwetu, kwenye ukurasa wa kupokea bidhaa palikuwa na nafasi mbili za kujaza kipimo. Mbili kabisa, zimefuatana. Kila mtu aliziona ni usumbufu, na wengine wakawa wanajaza neno lile lile kote kuwili ili wapite. Nikamuuliza kijana wa kompyuta, "Hapa kwa nini mnauliza mara mbili?" Akasema ya kwanza ni kipimo cha kununulia, ya pili ni cha kutolea, na pembeni yake kuna kisanduku kidogo cha kuandika kimoja kina vingapi vya kingine. Nikachukua rola la waya lililokuwa karibu, nikaliweka juu ya meza. Rola linanunuliwa kama rola, lakini fundi akija anachukua mita.

Hapo ndipo nilipouelewa ugomvi uliokuwepo kati ya stoo na uhasibu kwa muda mrefu. Wao walihesabu marola, sisi tulihesabu mita, na kila upande uliamini mwenzake anaficha kitu. Nikauliza swali la pili: "Hiyo namba ya kisanduku kidogo anaijaza nani?" Akasema, "Ninyi, maana mimi sijui rola lina mita ngapi." Na kweli hakuwa na namna ya kujua. Kuna marola ya mita 100 na kuna yanayopungua hapo, kutegemea yametoka wapi. Kuna maboksi ya skrubu yanayofanana kwa nje lakini idadi ya ndani ni tofauti. Hayo anayajua aliyeyashika kwa mkono miaka yote. Tukakaa naye rafu kwa rafu, mimi nasoma, yeye anaandika.

Angalia maswali hayo mawili yalifanya nini. Sikulazimika kujiaminisha kwamba mfumo ni mzuri. Nilijua tu mahali unaponihitaji na mahali usiponihitaji. Hofu yangu ikapata mipaka.

Sitaki kukudanganya kwamba majibu huwa mazuri kila mara. Mwenzetu mmoja kazi yake nzima ilikuwa kunakili maingizo kutoka leja ya stoo kwenda leja ya ofisi. Kazi ile ilikufa, na udadisi haukuiokoa. Lakini aliuliza mapema, wakati mfumo bado unajaribiwa, tofauti kati ya hesabu ya rafuni na ya kwenye kompyuta itafuatiliwa na nani. Hakuna aliyekuwa amelifikiria. Akaanza kuifuatilia yeye, na baadaye ikawa ndiyo kazi yake. Angengoja barua, ingemkuta hana pa kushika.

Sasa nigeukie wale walioandika kwamba wanaopinga mabadiliko ni wavivu au wameshazeeka. Hili linanigusa, kwa sababu nimeona wafanyakazi hodari wakiitwa hivyo. Kuna kiwanda cha kushona pajama kilichokuwa Marion, jimbo la Virginia, Marekani. Wanawake wa pale walilipwa kwa idadi ya vipande, na kila mtindo wa nguo ulipobadilika walihamishiwa kazi nyingine. Lester Coch na John French waliandika mwaka 1948 walichokiona pale. Washonaji wazoefu waliohamishwa walichukua muda mrefu kushika kazi kuliko wageni kabisa, na wengi wao waliacha kazi au hawakurudi tena kwenye kasi yao. Hawakukosa ujuzi. Walikosa hamu.

Watafiti hao wakajaribu jambo. Kundi moja likaitwa, likaelezwa mabadiliko na kiwango kipya, basi. Makundi mengine yakaonyeshwa tatizo lenyewe, yakashirikishwa kupanga kazi mpya ifanywe vipi, moja kupitia wawakilishi na mengine watu wote. Kundi la kwanza uzalishaji ulishuka na kukaa chini, malalamiko yakaanza, na asilimia 17 wakaacha kazi ndani ya siku 40. Walioshirikishwa wote walirudi kwenye kasi yao haraka na kisha wakaipita. Kinachonivutia zaidi ni kilichofuata: baada ya miezi miwili na ushee, waliobaki wa kundi la kwanza walihamishiwa kazi nyingine tena, safari hii kwa kushirikishwa kikamilifu. Watu wale wale walioonekana wagumu wakapanda kama wenzao.

Kwa hiyo bosi unayesoma hapa, kabla hujasema watu wako hawapendi mabadiliko, jiulize ulipowaita kikaoni ulikuja na tatizo au ulikuja na uamuzi. Mtu hawezi kuwa mdadisi juu ya jambo ambalo limeshafungwa na kupigwa muhuri.

Mleta mada amegusa pia suala la kuwa tayari kubadili mawazo, na hapa wengi wanachanganya. Utayari huo hauna maana ya kusema ndiyo kwa kila kinacholetwa. Maana yake ni kwamba jibu ulilo nalo leo unaliacha likiwa na mlango, likija jambo zito kuliko lako lipite. Mimi nimewahi kukataa mapendekezo, na nikiwa na sababu nakataa bado. Tofauti ni kwamba nakataa baada ya kukiona kitu kikifanya kazi.

Kuna zoezi ninalolipenda kwa hili. Mwaka 2002 Leonid Rozenblit na Frank Keil wa Chuo Kikuu cha Yale walichapisha utafiti ambapo watu waliulizwa wanavielewa kiasi gani vitu vya kila siku, kama zipu na choo cha kuvuta maji. Wengi walijipa alama nzuri. Kisha wakaambiwa waeleze hatua kwa hatua kitu hicho kinavyofanya kazi, na baada ya kujaribu wakazishusha alama zao wenyewe. Basi mimi, kabla ya kubishana kwamba njia ya zamani ni bora, huiandika karatasi nzima: mzigo unafika, nani anausaini, nakala inakwenda wapi, nani anaisoma. Pale kalamu inapokwama ndipo nilipokuwa natetea mazoea tu. Halafu naiandika njia mpya vivyo hivyo, na pale inapokwama ndipo pa kumuuliza mwenye nayo. Ukifika kikaoni na karatasi hizo mbili unasikilizwa kwa namna nyingine kabisa, kwa sababu hata aliyeleta mfumo anaona hukuja kupinga mtu.

Na wale tunaojivunia uzoefu tukumbuke kisa cha vidonda vya tumbo. Madaktari kwa muda mrefu waliamini tumbo lina asidi kali mno, bakteria hawezi kuishi humo. Robin Warren, kule Perth, Australia, aliwaona kwa darubini mwaka 1979. Wapo waliowahi kuwaona kabla yake, lakini jambo lilipita. Yeye akaendelea kuuliza, Barry Marshall akaungana naye, na mwaka 1984 Marshall akafikia kunywa bakteria hao mwenyewe ili aonyeshe kwamba wanaleta uvimbe tumboni. Mwaka 2005 wakapewa Tuzo ya Nobeli kwa kugundua bakteria hao na mchango wao katika vidonda vya tumbo. Uzoefu ni mali, nami nimeula mkate wake. Lakini unapokwambia "hiki hakiwezekani" wakati macho yanakiona, yaamini macho kwanza, halafu uliza.

Upande wa nyumbani nina mfano mmoja. Baba alipofariki, mama yangu alihamia kwetu. Lilikuwa badiliko kubwa kwake na kwetu pia. Kila mtu alimwambia, "Mama, pumzika, usifanye chochote," na kadiri tulivyomwambia hivyo ndivyo alivyozidi kunyong'onyea. Jioni moja nikakaa naye nikamuuliza, "Mama, kule kwako siku ilikuwa inaishaje?" Akanieleza taratibu: anazima taa ya nje, anaangalia madirisha, anafunga mlango, funguo anaziweka chini ya mto. Akanyamaza kidogo, akasema, "Hapa sijui hata mlango unafungwa na nani." Mke wangu akamkabidhi funguo usiku ule ule. Tangu siku hiyo halali mtu mpaka mama aizungukie nyumba, na mtoto akichelewa kurudi ni yeye anayeulizwa kwa nini mlango bado u wazi. Kila tulichompa kwa huruma kilikuwa kizuri, ila hakikuwa alichopoteza. Bila kuuliza nisingekijua.

Mkuu, nirudi kwako. Kuhusu mwanao anayekwenda bweni, usimuulize tu kama yuko tayari, maana atasema ndiyo. Muulize ni jambo gani la hapa nyumbani angependa libaki vile vile akirudi likizo. Nawe na mwenzio ulizaneni saa zile alizokuwa anazichukua yeye mtazifanyia nini. Msikimbilie kuzijaza. Zijadilini kwanza.

Kuhusu mfumo, omba kukaa pembeni ya anayeujaribu, wakati anafanya kazi ya kweli, wala si maonyesho. Beba stakabadhi zako tatu zenye matatizo, zile za mzigo uliofika pungufu au uliorudishwa, uone mfumo unazipokea vipi. Mfumo wowote unapendeza kwa stakabadhi iliyonyooka.

Suala la vitengo kuunganishwa ndilo gumu kuliko yote, kwa sababu pale unakutana na watu wenye hofu kama yako, na kila mmoja anamchunguza mwenzake. Usingoje kikao cha utambulisho. Mfuate mmoja wao unayemfahamu hata kwa salamu tu, umuulize ni kazi gani kwao hucheleweshwa na kitengo chenu. Atakuwa nayo, na huenda akaisema kwa ukali kidogo, mvumilie. Usijitetee, andika. Kisha mwambie na yako. Mkishayajua hayo mawili mtakuwa na la kufanyia kazi pamoja kabla hata meza hazijahamishwa.

Ukishazungumza naye, rudi utuambie alilalamikia nini. Nina hakika kwenye vitengo vya manunuzi na stoo malalamiko yanafanana, na wapo humu waliokwisha kuyatatua.