Njia ya Zuhura ianzie dukani kwa leso

Swali lenu la wiki lilikuwa hili: mji wako ukimtengea msanii wa kike aliyesahaulika njia ya kutembea kwa miguu, awe nani, na njia ipite wapi?

Kwa Mombasa, awe Zuhura Swaleh. Yeye ni miongoni mwa walioutia mdundo wa chakacha, ngoma ya wanawake ya harusini, ndani ya taarabu. Albamu ya *Jino la Pembe*, aliyoiimba pamoja na bendi ya Maulidi Musical Party, ilitolewa Uingereza mwaka 1992, na wapenzi wa muziki walioko ng'ambo humtaja kwa heshima. Hapa kwetu vijana wanacheza chakacha hadi usiku wa manane na jina lake hawalijui. Hilo linauma.

Wanaopanga njia za namna hii hukimbilia nyumba aliyozaliwa msanii. Kwa mwimbaji ni kupoteza shabaha. Fuateni kazi yake: nguo, ala, sauti.

Mwanzo uwe Biashara Street, ambako jina la Kaderdina Hajee Essak, yaani "Mali ya Abdulla", limehusishwa na leso tangu 1887. Chakacha huchezwa kwa leso iliyofungwa kibwebwe kiunoni, na fumbo la jina la leso, yaani maneno yaliyoandikwa juu yake, ni ndugu wa fumbo la wimbo wa taarabu. Ining'inizwe leso moja, wazi, ili mgeni aone pindo, mji (sehemu ya katikati) na jina. Isiwekwe nyuma ya kioo kinachopigwa na jua, rangi itapauka; na ibadilishwe kila baada ya miezi michache.

Hapo vukeni Digo Road, piteni soko la Markiti, mshike Langoni Road hadi ndani ya Mji wa Kale. Kituo cha pili ni cha tashkota. Ala hii ya nyuzi ilibuniwa Japani mwaka 1912, na ina vitufe kama vya taipureta: mkono wa kushoto unabonyeza kitufe, kipande cha chuma kinakandamiza nyuzi, mkono wa kulia unacharaza. Wapigaji wa Mombasa waliiunganisha na umeme, ndipo ikapata ule mlio mkali unaokata kelele za harusi. Ikae ndani ya duka na mgeni aruhusiwe kubonyeza. Ikiachwa kibarazani, upepo wa bahari utashika nyuzi kutu na springi za vitufe zitakwama.

Kituo cha tatu kiwe Kibokoni, kwenye baraza, cha kusikiliza. Kisha mshuke Ndia Kuu mpaka Fort Jesus. Njia nzima haizidi kilomita mbili. Pamoja na vituo, saa moja na nusu inatosha. Ondokeni saa kumi jioni, baada ya alasiri, mmalize kabla ya magharibi. Nyua za nyumba hazihusiki. Chakacha ni ngoma ya ndani, ya wanawake wenyewe, na picha za kina mama bila idhini zitaifanya mitaa ifunge milango. Kiongozi wa msafara awe mwanamke wa mtaani, na alipwe.

Sasa vibao vya ukutani vya kutambulisha vituo, maana hapa ndipo miradi mingi huharibikia. Kuta za Mji wa Kale ni za matumbawe na chokaa, na zinapumua. Ukikandika saruji nyuma ya kibao, unyevu na chumvi hukosa pa kutokea, na plasta ya pembeni huvimba na kubanduka. Tumieni chokaa kipimo kimoja kwa mchanga vipimo vitatu, na mchanga huo usiwe wa ufuoni, una chumvi. Mfunike kwa gunia bichi siku kadhaa, ukauke polepole. Skurubu ziwe za stenlesi daraja la 316. Chuma cha kawaida hushika kutu, kikavimba, kikapasua jiwe. Shaba msithubutu, itaishia kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Mimi ningechagua kigae cha udongo kilichochomwa, kimo cha macho, maandishi ya Kimvita, lahaja ya Mombasa, kwa herufi za Kilatini na za Kiarabu. Mji wa Kale ni eneo la hifadhi, kwa hiyo barua iende kwanza ofisi ya hifadhi iliyo chini ya Makumbusho ya Taifa, na kaunti, na mwenye nyumba akubali kwa maandishi, kabla fundi hajatoboa tundu hata moja.

Kanda za nyimbo za kusikilizwa pale Kibokoni nazo zina taratibu zake. Kaseti yenye ukungu isipigwe kabla ya kusafishwa, itachafua hedi, kile kichwa cha mashine kinachosoma utepe, na kukwaruza utepe wenyewe. Safisheni hedi kwa spiriti, rekebisheni pembe yake mpaka sauti nyembamba zisikike wazi, ndipo mnakili kidijitali kwa biti 24 na angalau kilohezi 48. Na msidhani wimbo wa zamani hauna mwenyewe. Kwa sheria ya Kenya rekodi hulindwa miaka 50 tangu mwisho wa mwaka iliporekodiwa, kwa hiyo ya 1970 ilitoka kwenye ulinzi mwisho wa 2020. Maneno na muziki lakini hulindwa miaka 50 baada ya kifo cha mtunzi, na katika taarabu mtunzi mara nyingi si mwimbaji. Familia ya malenga itafutwe, iombwe idhini, na jina lake liandikwe kwenye kigae chini ya jina la Zuhura.