Muulize Mzee wa Mlima: Shemeji ananiita tukawinde elki, nibebe nini?

SWALI: Habari za huko mzee. Mimi niko Kondele hapa Kisumu, shemeji yangu anaishi Colorado kule Marekani na anasema nikienda kumtembelea mwezi wa kumi tutaingia milimani wiki moja kuwinda elki, wale kulungu wakubwa wa huko, sisi wawili tu, hakuna mtu wa kutuongoza. Bunduki anazo, ameniambia nijipange na vitu vyangu. Nimeangalia bei za vitu vya uwindaji kwa simu nikasikia kizunguzungu. Kuna jamaa ananiuzia jaketi ya jungle safi kabisa, bei poa. Buti za kazi pia ninazo. Nianzie wapi?

JIBU: Omera, anza kwa kumrudishia huyo jamaa jaketi yake, leo leo. Hapa Kenya raia haruhusiwi kuvaa nguo za kufanana na za jeshi, ukipatikana nayo hata stendi ya matatu hutafika, wacha Colorado. Na kule kwenyewe haitakusaidia sana, maana msimu wa bunduki sheria yao inataka uvae rangi ya machungwa inayowaka, au pinki, kuanzia kiunoni kupanda juu, angalau inchi mraba 500, na kofia ya rangi hiyo hiyo inayoonekana pande zote. Ile reflekta ya boda ya njano-kijani haihesabiki. Usiogope eti elki atakuona ukiwaka hivyo, macho yake hayatofautishi nyekundu na kijani vile yako yanafanya, yeye anashtuliwa na mtu anayetikisika na harufu ikibebwa na upepo.

Sasa tuongee nyama, kwa sababu hapo ndio watu wanakosea hesabu. Sisi uwindaji ulipigwa marufuku 1977, wengi wetu tukisikia kuwinda tunafikiria bunduki tu. Elki ni jamii ya kulungu lakini dume lake linafika kilo 300 na kupita, ni kama mmeangusha fahali wa kienyeji mbali na barabara na hakuna mkokoteni. Ukitoa mifupa unabaki na nyama kama kilo 90 hivi. Wewe na shemeji mkibeba kilo 23 kila mmoja hizo ni safari mbili mbili, kwenda na kurudi, kwa miguu, na huwezi kuamua eti ubebe salala na mapaja mengine uachie wanyama wa kule, sheria inakutaka utoe nyama yote nzuri. Kwa hivyo kama una pesa ya kitu kimoja tu cha maana, nunua begi la mgongoni lenye fremu ngumu na mkanda mpana wa kiunoni, ile aina inafunguka katikati nyama inakaa karibu na mgongo. Begi la shule la mtoto halitaweza, mabega yatakufa siku ya kwanza.

Pamoja na begi, beba mifuko ya kitambaa chepesi kinachopitisha hewa, mitano au sita, ya kuweka nyama. Usiweke nyama ya moto kwa plastiki, itaoza ukiitazama. Ngozi itoke haraka, vipande vitundikwe kivulini, upepo ufanye kazi yake. Kisu kimoja kizuri na cha kunolea, ama kile cha kubadilisha makali, kinatosha, panga acha nyumbani. Na muulize shemeji mapema kuhusu alama ya jinsia, yaani kiungo cha kuonyesha mnyama alikuwa dume ama jike, kule inatakiwa ibaki imeshikana na nyama mpaka ufike, wasije wakawasimamisha njiani.

Buti za kazi hapana. Zile za chuma mbele ni nzito na zinavuta baridi. Nunua buti ya kupanda mlima inayoshika kifundo, kubwa kidogo kuliko saizi yako ndio soksi nene iingie, na uinunue sasa, isiwe wiki ya safari. Mimi nilishawahi kupanda Elgon na buti mpya kabisa kwa sababu ya kiburi, nikashuka nimeshika viatu mkononi, kisigino nyama tupu. Vaa yako ukienda kununua maziwa, vaa ukipanda kilima cha Riat, vaa mpaka mama watoto achoke kukuuliza.

Nguo usimwage pesa. Nenda soko la Kibuye Jumapili, chimba mitumba, tafuta sweta na fulana za sufu na jaketi za flisi, soma lebo ya ndani. Pamba usiguse, hata suruali ya jeans, ikishaloa haikauki na mwezi wa kumi kule juu usiku maji yanaganda, theluji ikikuangukia umelowa umekwisha. Juu ya hizo weka koti la mvua linalozuia upepo, basi. Slipingi begi ndio usinunue ya bei rahisi, hiyo muazime shemeji ama ununue kulekule.

Darubini ya macho mawili ya 10x42, yaani inakuza mara kumi na lenzi yake ni milimita 42, itakufaa kuliko bunduki ya kujionyesha, utakaa nayo machoni masaa. Na usiwahi kutazama mtu kwa darubini ya bunduki, wewe unatazama lakini mdomo wa bunduki pia unamtazama. Bunduki yenyewe, ya risasi saizi ya .308 au .30-06 ya shemeji inatosha kabisa, ila wewe ni mgeni, huko mtu wa viza ya kutembea haruhusiwi kushika bunduki wala risasi kama hana leseni halali ya kuwinda, na leseni hawakupi bila cheti cha mafunzo ya uwindaji. Hiyo ianze kabla ya kununua hata soksi.

Vitu vidogo: tochi ya kichwa na betri za ziada, pawabenki, ramani umeshadaunlodi maana netiwaki hakuna. Mitungi ya gesi ya kupikia na dawa ya kupulizia dubu usipakie kwa ndege, hata begi la chini hawakubali. Dubu wa Colorado ni wale weusi, nyama itundikwe mbali na hema.

Kitu kingine, Kisumu uko mita 1,100 na kitu, elki wanakaa 3,000. Lala Denver siku mbili kwanza. Na kabla ya yote panda Koitobos, kilele cha Elgon upande wa Kenya, mita 4,222, mtafute ranja pale getini, weka kilo 20 za mchele kwa hilo begi na ulale juu usiku mmoja. Ukishuka niandikie kisigino kinasemaje.