Mrija wa Kitovuni kwa Mtoto Njiti: Yale Ambayo Mama Anaweza Kuyaona

Mwanangu alizaliwa hapa Mtwara akiwa na wiki 29 na uzito wa gramu 1,150, baba yake akiwa bado Tandahimba kwenye mnada wa korosho. Siku hiyohiyo daktari alimpitishia mrija mwembamba wa dripu katika mshipa wa kitovu, kwa kuwa mishipa ya mikono yake ilikuwa kama nyuzi na tumbo lake halikuwa tayari kupokea maziwa ya kutosha. Sikuukataa, na hata leo ningeukubali; ila nilitamani ningeelezwa mapema kwamba mama naye ana kazi ya kuulinda.

Aliyenielekeza ni muuguzi wa zamu ya usiku. Mrija una alama za sentimita, na wa mwanangu ulisomeka 7 pale unapoingia kitovuni. Aliniambia, "Mama, ikibadilika niite, hata kama nakula." Siku ya nne, nikibadilisha nepi, nilikuta plasta imelegea kwa mkojo na alama inasomeka 6. Eksirei ilionyesha kwamba ncha, ambayo hutakiwa kukaa karibu na mlango wa moyo, imerudi ndani ya ini, ambako maji mazito ya sukari yakivuja huweza kuliunguza. Ukiingia mno nako ni hatari: mapigo ya moyo huvurugika, na mara chache maji hujikusanya kuuzunguka moyo na kuubana ghafla. Waliutoa, wakatafuta mshipa mkononi.

Maambukizi ndiyo yanayosumbua zaidi, nayo kwa njiti hayaji lazima na homa. Mtoto anaweza kupoa mwili, kulegea, kuvimba tumbo, kubakiza maziwa tumboni au kusahau kupumua kwa sekunde kadhaa. Ukiona hayo, usisubiri daktari apite asubuhi. Mama mkwe wangu, kwa nia njema kabisa, alileta dawa ya kienyeji ya kukausha kitovu, nilimjibu, "Shikamoo mama, naomba hii tuiweke kando kwanza." Ugumu ulikuwa kumwambia mtaalamu mmoja aliyeshika kiungio cha dripu bila kunawa. Nilisema, "Samahani dokta, naomba unawe mikono," sauti ikitetemeka, naye akanawa.

Kila asubuhi uliza kama mrija bado unahitajika. Kwa kawaida hauachwi kupita wiki mbili, na kadiri unavyokamua maziwa, mtoto akayapokea, ndivyo siku za mrija zinavyopungua.

Siku ya kuruhusiwa niliomba iandikwe kwenye kadi ya kliniki kwamba aliwekewa mrija wa kitovuni, na ulikaa siku ngapi, kwa sababu damu ikiganda katika mshipa unaoingia kwenye ini, dalili yake inaweza kuja baadaye kabisa, bandama ikiwa imevimba, mbele ya daktari ambaye hakuwahi kumwona mtoto huyo akiwa wodini.