Rimu 17 kwenye Toyota IST: kabla hujakata fenda, soma namba za tairi

"Shikamoo fundi. Nimenunua rimu za sport za 17 na matairi yake 215/55, nimefunga kwenye IST. Nikikata kona linasugua, nikibeba watu nyuma linasugua zaidi. Nikate fenda?"

Ujumbe huu umetoka Isevya, Tabora. Marahaba ndugu yangu, na tafadhali usikate chochote. Fenda haina kosa, na huenda hata rimu hazina kosa. Kosa liko kwenye matairi, na aliyekuuzia alipaswa kulijua kabla ya kupokea hela yako. Inauma kuona mtu anajinyima miezi kadhaa apendezeshe gari lake, halafu anaondoka dukani na kitu ambacho hesabu ya dakika mbili ingekikataa.

Hesabu yenyewe ni hii. IST nyingi zinakuja na tairi la 185/65R15. 185 ni upana wa tairi kwa milimita. 15 ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Ile 65 ya katikati ndiyo inayowapoteza watu, kwa sababu si milimita bali ni asilimia. Inasema ubavu wa tairi, kuanzia ukingo wa rimu hadi kwenye kashata (sehemu inayokanyaga barabara), ni asilimia 65 ya upana. Kwa hiyo 55 ya tairi moja si sawa na 55 ya lingine: ubavu wa 195/55 una milimita 107, wa 215/55 una milimita 118.

Chukua 185, zidisha kwa 65, gawa kwa 100. Unapata 120.25, ndio urefu wa ubavu mmoja. Tairi lina ubavu juu na chini, kwa hiyo zidisha kwa 2 upate 240.5. Badili inchi za rimu ziwe milimita: 15 mara 25.4 ni 381. Jumlisha, unapata 621.5. Hicho ndicho kipenyo cha nje cha gurudumu zima, na gari lako limepimwa kwa namba hiyo: nafasi ya ndani ya fenda, saa ya spidi, uwiano wa gia, hata nguvu ya breki.

Sasa fanya vivyo hivyo kwa 215/55R17. Ubavu mara mbili ni 236.5, rimu ni 431.8, jumla 668.3. Umezidisha milimita 46.8, sawa na asilimia 7.5. Nusu yake, zaidi ya milimita 23, inakwenda juu kuelekea fenda, na mbele na nyuma pia, ndiyo maana ukikata usukani linakutana na plastiki ya ndani. Na kusugua ndilo tatizo dogo, kwa kuwa unalisikia. Usilolisikia ni kwamba saa ikikuonyesha 50 wewe uko karibu 54, na ikisoma 80 uko 86. Tochi haitasoma dashibodi yako. Injini nayo inabeba gurudumu kubwa kuliko uwiano wa gia zake, gari linakuwa zito kuondoka, na milima ya kupanda Kasulu utaijua upya. Breki zinatakiwa kusimamisha gurudumu lenye mkono mrefu zaidi kwa kalipa zilezile (vishikio vinavyobana diski ya breki).

Mafundi wengi wanaruhusu tofauti ya asilimia 3 juu au chini. Kwa gari dogo asilimia 3 ni nyingi mno. Kaa ndani ya 2, na ukiweza ndani ya 1.

Kwa IST yenye 185/65R15, ukipanda hadi rimu 16, tairi linalolingana ni 195/55R16. Kipenyo chake ni 620.9, tofauti ya nusu milimita tu. Ukipanda 17 ni 205/45R17, lenye 616.3, pungufu kwa asilimia 0.8. Watu wengi wanavutiwa na 205/55R16, tairi linalovaliwa na magari mengi. Hilo lina 631.9, limezidi asilimia 1.7. Kwa kipenyo peke yake linakubalika, lakini ni pana kwa milimita 20 kuliko la asili, kwa hiyo lijaribu kwanza kwenye gurudumu moja la mbele kabla ya kulipia yote manne. Wenye magari ya 195/65R15 wana njia rahisi zaidi: 634.5 ya asili inaendana vizuri na 205/55R16, na kwenye 17 inaingia 225/45R17 yenye 634.3, ilimradi rimu iwe na upana wa kutosha.

Kuhusu upana wa rimu, geuza rimu utazame nyuma. Utakuta maandishi kama 17x7J ET38. Hiyo 7 ni upana kwa inchi. Tairi la 195/55R16 linakaa kwenye rimu za 5.5 hadi 7, na 205/45R17 linataka 6.5 hadi 7.5. Tairi jembamba likivutwa kwenye rimu pana linaacha ukingo wa rimu wazi, na shimo la kwanza linapiga chuma moja kwa moja. Tairi pana kwenye rimu nyembamba linabinuka katikati, linakula kashata za kati na kuyumba kwenye kona.

ET ndiyo inayosahaulika kuliko yote. Ni umbali kutoka katikati ya upana wa rimu hadi pale inapokutana na habu (kitovu cha chuma gurudumu linapofungwa), kwa milimita. ET ikipungua, gurudumu linatoka nje. Chukua mfano wa gari lililokuwa na rimu ya 6J ET45, likafungwa 7J ET38. Inchi moja ya ziada ni milimita 25.4, inagawanyika 12.7 kila upande. ET imeshuka kwa 7, kwa hiyo gurudumu limesogea nje kwa 7. Upande wa nje umeongezeka 19.7, upande wa ndani kuelekea shokapu 5.7. Karibu sentimita mbili za kutokeza nje ni nyingi: ukingo wa fenda unakata tairi gari likibonyea, na bearing za gurudumu zinabeba mzigo kwa mkono mrefu hadi zianze kuvuma. Spesa za kusukuma gurudumu nje kwa ajili ya sura zinafanya jambo hilohilo, mara nyingi kwa nati zilizoshika mizunguko michache tu. Nati ishike walau mizunguko sita kamili. Ikishika minne, toa.

Matundu ya nati. IST nyingi, zile za toleo la kwanza, ni matundu 4 kwenye duara la milimita 100. Kwa rimu ya matundu 4 unapima kutoka katikati ya tundu moja hadi katikati ya linalolitazama. Rimu ya matundu 5 haina tundu linalotazamana na lingine, kwa hiyo pima kati ya matundu mawili jirani, katikati kwa katikati: ukipata milimita 67.2 ni 5x114.3 (matundu 5 kwenye duara la milimita 114.3), ukipata 58.8 ni 5x100. Anayekuambia "tutapanua tundu kidogo itaingia" mwache na rimu yake. Nati ya tundu lililopanuliwa haina pa kukaa. Inalegea yenyewe, kisha stadi (skrubu za habu zinazoshika nati) zinakatika moja baada ya nyingine.

Tundu kubwa la katikati nalo lina kazi yake. Kwenye Toyota hizi za matundu manne habu ina kipenyo cha milimita 54.1. Rimu nyingi za sport zimetengenezwa na tundu la 73.1 ili ziingie magari mengi. Ukifunga bila pete ya kujazia hiyo nafasi, rimu inakaa pembeni kwa kiasi usichokiona kwa macho, na usukani unatetemeka ukifika kati ya 80 na 110. Utapeleka balansi mara tatu bila nafuu. Dai pete nne, na uandike vipimo vyote viwili: vya rimu na vya habu.

Nati za rimu za alumini za kiwandani za Toyota aghalabu zina shingo nyoofu na washa bapa (kipete cha chuma). Rimu za sport nyingi zinataka nati zenye ncha ya koni. Nati bapa kwenye tundu la koni inashika ukingo tu, na haitadumu. Uzi wa nati za Toyota ni 12x1.5, Suzuki, Subaru na Nissan nyingi ni 12x1.25. Zinafanana machoni, na ukilazimisha kwa spana ndefu unaharibu stadi. Kaza kwa msalaba, gari likiwa limeshuka kidogo kugusa chini, kwa kipimo cha Nm 103 (nyutoni-mita, nguvu ya kukaza) kama una spana ya kupimia. Kama nati zako zinatumia ufunguo mwembamba wa pekee, ufunguo huo ukae ndani ya gari pamoja na jeki. Ukiusahau nyumbani, pancha ya katikati ya pori la Sikonge itakulaza hapo.

Sasa barabara zetu, ambazo watu wanaoonyesha rimu kwenye picha hawazipitii. Kila inchi unayoongeza kwenye rimu unaitoa kwenye mpira. Ubavu wa 185/65R15 una milimita 120 za kumeza shimo. 195/55R16 inabakiza 107. 205/45R17 inabakiza 92. Ukipiga ukingo wa lami uliokatika, mpira unabanwa kati ya shimo na rimu, nyuzi za ndani ya ubavu zinakatika, na kesho yake unaona nundu. Tairi lenye nundu halitengenezeki. Fundi pancha anayekuwekea kiraka ubavuni anakuongezea siku, na hajui ni ngapi. Rimu nayo inapinda ukingo wa ndani, usiouona mpaka uishushe. Ikipinda kidogo inanyooshwa, ikipata ufa usikubali kuchomelewa.

Ndiyo maana kwa gari linaloishi Tabora au Kigoma, msimamo wangu ni rimu 16 na 195/55. Gari linapendeza, linashika kona vizuri kuliko zamani, na bado unaweza kuingia barabara za vumbi za Uvinza au Kaliua bila kuhesabu kila jiwe. Rimu 17 ni ya mtu ambaye gari lake linazunguka lami ya mjini na analipeleka taratibu kwenye kila tuta. Rimu 18 kwenye IST sitakushauri kwa hali yoyote.

Kuna pia uzito, na hapa nawaomba sana wanaobeba mizigo wasome polepole. Baada ya saizi kuna namba na herufi, mfano 88H. 88 maana yake tairi moja linabeba kilo 560. 87 ni kilo 545, 84 ni kilo 500. H ni spidi ya mwisho, 210. Tairi la asili la 185/65R15 huwa 88. Tairi la kawaida la 205/45R17 ni 84: umepoteza kilo 60 kwa kila gurudumu, 240 kwa gari zima. Madumu matano ya mawese ya lita 20 yanakaribia kilo 90. Ndoo tano za asali za lita 20 zinakaribia kilo 140. Weka na watu wanne, kisha uone kama umebakiwa na kilo za kuchezea. Kwa 17 tafuta lililoandikwa 88 XL, ambalo limeimarishwa.

XL lakini linataka upepo zaidi ili libebe uzito uleule. Kama kibandiko kwenye fremu ya mlango wa dereva kinasema upepo wa psi 32 kwa tairi la asili, 195/55R16 87 litahitaji karibu 33, na 205/45R17 88 XL karibu 37. Ukilijaza 32 kama zamani, ubavu unajikunja, unapata joto, na joto ndilo linalopasua tairi mchana wa Oktoba. Pima asubuhi kabla hujatembea. Tairi likishapata moto upepo wake unapanda, na ukiupunguza njiani, likipoa utabaki na upungufu.

Ukinunua mitumba, tafuta tarakimu nne za mwisho kwenye maandishi ya DOT ubavuni mwa tairi. 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Kashata nzito juu ya mpira wa zamani wenye nyufa haikusaidii kitu mvua zikianza Novemba.

Kabla ya kulipia yote manne, funga gurudumu moja la mbele. Shusha gari, kata usukani hadi mwisho kushoto na kulia, kisha pitisha kidole kati ya tairi na shokapu. Kidole kisipopita, acha. Hamisha gurudumu hilo nyuma, pandisha watu watatu kiti cha nyuma, wekea mzigo, uangalie ukingo wa fenda. Likipita hapo, lipa. Kisha ukishaendesha kilomita 50 hadi 100, kabla hujafika Urambo kwa mfano, simama ukaze nati zote tena. Alaimenti ifuate wiki hiyohiyo.

Ndugu wa Isevya, rimu 17 umeshazinunua, basi uza hayo 215/55, yatamfaa mwenye gari kubwa zaidi. Geuza rimu zako usome nyuma. Zikiwa 7J na ET haiko chini ya 40, tafuta 205/45R17 88 XL, nati za koni na pete za 54.1. ET ikiwa chini ya hapo, nitumie picha ya maandishi yake kwanza, usinunue tairi lolote.