Jibu: Chumba masta, sebule na jiko kwenye mita 6 kwa 6

Mkuu, umeuliza kama chumba masta (chenye choo ndani), sebule na jiko vinaenea kwenye mita 6 kwa 6 huko Chanika, kwa kijana anayeanza maisha. Vinaenea. Choo na jiko viegemeze ukuta mmoja, mabomba yanakuwa mafupi na fundi hakuchimbii mitaro kila upande. Madirisha makubwa yaelekee kaskazini na kusini, pepo za kaskazi na kusi zipite ndani. Ukuta wa magharibi uache bila dirisha, jua la saa kumi la Dar unalijua. Paa la kuficha, lile linalofichwa nyuma ya ukuta, achana nalo (langu linavuja kila masika), piga bati la kawaida lenye upenu mrefu. Halafu ukuta wa nyuma weka mapema linta (boriti ya juu ya mlango), ukioa unatoboa mlango na kuongeza chumba.